Bakapu ya kompyuta ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye kompyuta moja au mbili nyumbani, zenye picha za familia, tasnifu, hesabu za duka na barua za kazi. Mwenye ofisi yenye seva atafute kwingine. Ukiwa na haraka soma swali la 5 kisha la 14. Mengine utayarudia ukikwama.

## Mambo ya msingi

1. Bakapu ni nini hasa? Nikikopi mafaili kutoka C kwenda D si inatosha?

Bakapu, au nakala ya akiba, ni kopi ya mafaili yako iliyo kwenye kifaa kingine, unayoweza kuifungua hata kompyuta yenyewe ikipotea kabisa. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloiangusha D. Kwenye laptopu nyingi C na D ni sehemu mbili za diski moja. Fundi aliigawa siku alipoweka Windows. Mwizi akibeba laptopu amebeba zote mbili, na diski ikifa zinakufa pamoja.

D ina faida moja tu: Windows ikiharibika na C ikafomatiwa, vilivyo D hubaki. Ni afadhali kuliko kurundika kila kitu Desktop, lakini usiihesabu kama bakapu.

2. Kompyuta yangu ni mpya, haina tatizo lolote. Kwa nini nihangaike?

Kwa sababu upya wake hauzuii wizi, chai iliyomwagika, mtoto aliyejikwaa kwenye waya wa chaji, wala umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Halafu kuna hili la diski zenyewe. Diski ya zamani ya kuzunguka mara nyingi hutoa ishara kabla ya kufa: inagonga, inakuwa nzito, mafaili yanagoma kufunguka. SSD, diski ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka, ambayo ndiyo imo kwenye karibu kila laptopu mpya, inaweza kufanya kazi vizuri jioni na asubuhi kompyuta ikasema haioni diski yoyote.

3. Ninakili vitu gani? Kila kitu?

Hapana. Windows utaipakua upya, na Office na programu nyingine pia. Muvi unaweza kuzipata tena. Kinachotakiwa ni kile ambacho hakuna duka linalokiuza: picha, video za harusi na misiba, maandishi yako, hesabu, vyeti ulivyoskani.

Kazi iko kwenye kujua vilipo. Watu hunakili folda ya Documents wakidhani wamemaliza, kumbe nusu ya maisha yao iko Downloads, kwa kuwa kila kiambatisho cha barua pepe na kila faili la WhatsApp Web hutua humo. Programu za hesabu huwa na folda yao, mara nyingine moja kwa moja kwenye C. Anayetumia Outlook ya zamani ana faili lenye kiishio cha .pst ambalo limebeba barua zake zote. Alama za tovuti na nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari nazo zikague.

Ukishazikusanya, bofya kitufe cha kulia juu ya folda, fungua Properties, usome ukubwa. Tarakimu hiyo ndiyo itakayokuamulia njia. Mwenye GB 8 na mwenye GB 600 hawapewi ushauri mmoja.

4. Nakala ngapi zinatosha?

Kanuni inayotajwa sana ni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: mafaili yawe sehemu tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na nakala moja ikae nje ya nyumba. Ya kwanza kati ya hizo tatu ni ile ile iliyo kwenye kompyuta, kwa hiyo unaongeza mbili tu: moja ya karibu, moja ya mbali. Ukishindwa kuanza na mbili, anza na moja leo.

## Kuchagua njia

5. Diski ya nje, flashi au mtandaoni: ipi bora?

Kwa nyumba nyingi jibu ni diski ya nje kwa vitu vyote, pamoja na hifadhi ya mtandaoni kwa vile vichache ambavyo ukivipoteza utalia. Kila njia huziba tundu la mwenzake. Diski ya nje ni ya haraka, haili bando, na ukishainunua hudaiwi tena. Lakini ikikaa kwenye droo moja na laptopu, mwizi au moto utaichukua pamoja nayo. Hifadhi ya mtandaoni iko mbali na nyumba yako, ila inategemea bando, inataka malipo ya kila mwezi ukizidi kiwango cha bure, na ukisahau nywila unabaki nje ya mlango.

Viwango vya bure ni hivi: Google hutoa GB 15, zinazogawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, OneDrive ya Microsoft na iCloud ya Apple hutoa GB 5 kila moja. Tasnifu, vyeti na hesabu za duka dogo vinaenea humo bila shida. Picha za miaka kumi hazienei.

Ukilazimika kuchagua moja, tazama ile tarakimu ya swali la 3. Chini ya GB 10, na intaneti unayo kila siku, nenda mtandaoni. Zaidi ya hapo nunua diski ya nje yenye nafasi angalau mara mbili ya ulicho nacho, kwa sababu bakapu nzuri huweka na matoleo ya zamani ya mafaili, si ya leo tu.

Kigezo cha mwisho watu hukipuuza: uvivu wako mwenyewe. Njia inayokutaka ukumbuke kila Ijumaa kuchomeka waya na kuburuta folda itadumu kwa muda mfupi tu. Chagua ile ambayo sehemu kubwa ya kazi inafanywa na kompyuta yenyewe.

6. Flashi ni rahisi na ninayo tayari. Kwa nini mnaikataa?

Kwa kuhamisha faili kutoka hapa hadi pale, flashi haina mpinzani. Kama bakapu ya pekee ina kasoro tatu: hupotea, huchomekwa kwenye kila kompyuta ya stationery na kurudi na virusi, na nyingi hutengenezwa kwa chipu za bei ya chini.

Kuna na flashi za uongo, na hizi zimeliza wengi. Unaona imeandikwa 2TB kwa bei isiyozidi ya chakula cha mchana. Ukiichomeka, kompyuta kweli inaonyesha 2TB, kwa kuwa chipu yake imepangwa idanganye. Ndani pengine kuna GB 32. Utakopi picha bila kuona kosa lolote, majina ya mafaili yataonekana yote, ila zilizoingia baada ya nafasi ya kweli kujaa hazifunguki. Kabla ya kuiamini flashi au diski yoyote mpya, ipime ikiwa bado tupu kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux. Hujaza kifaa chote kisha husoma kama kilichoandikwa kimebaki. Inachukua saa nyingi, iache usiku.

7. Ninunue diski ya nje ya kuzunguka au SSD?

Kwa bakapu inayokaa kabatini, diski ya kuzunguka inatosha na kwa pesa ile ile unapata nafasi kubwa zaidi. Adui yake ni kuanguka, hasa ikiwa inafanya kazi. SSD huvumilia kuanguka na ina kasi, hivyo inamfaa anayetembea nayo kwenye begi.

Jambo moja la SSD lisikupite: haipendi kuachwa muda mrefu bila umeme. Kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za watumiaji wa kawaida kinataka ile iliyofikia ukomo wa kuandikwa ishike data mwaka 1 bila umeme kwenye nyuzi joto 30. Mpya hushika zaidi, lakini joto likipanda muda hupungua, na chumba chenye bati bila dari huvuka nyuzi 30 bila kujitahidi. Ichomeke kila baada ya miezi michache.

8. Nikipandisha vyote mtandaoni itachukua muda gani?

Kasi wanayokutangazia ni ya kushusha. Wewe unahitaji ya kupandisha, ambayo kwa kawaida ni ndogo. Chukua GB 200 na kasi ya kupandisha ya Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde): zitahitajika kama saa 89, yaani karibu siku nne mfululizo, mchana na usiku. Kwa Mbps 1 ni zaidi ya siku 18. Diski ya nje ya USB 3 inaweza kumaliza mzigo huo huo chini ya saa moja yakiwa ni mafaili makubwa. Picha ndogo ndogo maelfu huchelewesha.

Anayenunua bando kwa GB asijaribu. Mwenye bando la usiku au intaneti ya mwezi isiyo na kikomo anaweza kuanza taratibu, kwa kuwa baada ya mara ya kwanza ni mabadiliko tu yanayopandishwa.

Kumbuka pia siku ya kurejesha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Mwenye nakala yake yote ng'ambo siku kama hizo hana la kufanya ila kusubiri.

9. Tayari nina OneDrive au Google Drive inayosawazisha folda zangu. Si ndiyo bakapu hiyo?

Nusu. Kusawazisha ni kama kioo: ukijipaka masizi, kioo nacho kinaonyesha masizi. Ukifuta folda kwenye laptopu, inafutwa na mtandaoni. Mtoto akiandika upuuzi juu ya ripoti yako na kuihifadhi, upuuzi huo unapanda.

Kinachookoa ni pipa la taka. Google Drive na OneDrive ya mtu binafsi huweka vilivyofutwa kwa siku 30. Drive pia hutunza matoleo ya awali ya mafaili uliyopandisha, kwa siku 30 au matoleo 100. Ukigundua kosa mapema umepona. Ukigundua baada ya miezi miwili hakuna kitu. Kwa hiyo itumie, lakini kama ile nakala ya mbali ya swali la 4, huku diski ya nje ikibeba historia.

10. Nitumie programu gani?

Kwenye Mac hakuna mjadala: Time Machine, iliyomo tangu 2007. Chomeka diski, ikubali, imekwisha. Itaifomati diski hiyo kwanza, kwa hiyo isiwe na kitu kingine.

Kwenye Windows, fungua Control Panel na utafute File History, iliyoanza na Windows 8. Ukiiwasha, hunakili mafaili yaliyobadilika kila saa diski ikiwa imechomekwa, na huweka matoleo ya zamani. Angalia kama Downloads imo kwenye orodha. Isipokuwemo, hamishia mafaili yake ya maana Documents. Usiichanganye na programu inayoitwa Windows Backup kwenye matoleo mapya: hiyo hupeleka mafaili OneDrive, haigusi diski yako.

Anayetaka kunakili kompyuta nzima, na Windows yake na programu zake, ili ikiharibika airudishe kama ilivyokuwa, atumie Veeam Agent ya bure au Clonezilla. Ni jambo zuri, ila kwa maoni yangu wengi hawalihitaji. Kuweka Windows upya ni kazi ya mchana mmoja. Wa Linux wana rsync na Déjà Dup, na kwa kawaida hawaulizi.

11. Nifanye bakapu mara ngapi?

Jiulize ni kazi ya siku ngapi uko tayari kuirudia. Anayeandika tasnifu hataki kurudia hata siku moja, kwa hiyo kila jioni. Kompyuta ya picha na muvi, mara moja kwa mwezi inatosha. Kabla ya kuboresha Windows au kupeleka mashine kwa fundi ni lazima, hata kama ulifanya jana.

## Kuzitunza

12. Diski niiache imechomekwa muda wote?

Usiiache. Virusi vya kudai fidia, vya aina ya WannaCry iliyotikisa dunia Mei 2017, hufunga kila faili vinavyoweza kulifikia, pamoja na diski ya nje iliyochomekwa na folda za mtandao wa nyumbani. Njia kuu ya vingine vya aina hiyo kuingia majumbani ni programu za kukraki: Photoshop ya bure, kifungua leseni cha Office, vile ambavyo maelekezo yake huanza na «zima antivirus kwanza». Ukiona hivyo, mafaili yako yawe yameshanakiliwa na diski iko kabatini.

Utaratibu ni huu: chomeka, subiri taa itulie, toa kwa amri ya Eject, kisha chomoa. Ukichomoa taa ikiwa inapepesa unaweza kuharibu orodha ya mafaili ya diski yote. Na ikiwa umeme wa kwenu ni wa mashaka, laptopu yenye chaji ni salama zaidi kwa kazi hii kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS.

Mahali pa kuiweka: pakavu, mbali na dirisha, na ikiwezekana kwa dada au kaka yako mtaa wa pili. Mwambao una chumvi hewani inayokula viunganishi, kwa hiyo kimfuko kinachofungwa vizuri, chenye kile kipakiti cha kufyonza unyevu kinachokuja na viatu, kinasaidia.

13. Niifunge kwa nywila?

Ikiwa inatoka nje ya nyumba, ndiyo. Time Machine ina chaguo hilo. Windows Pro ina BitLocker. VeraCrypt ni ya bure na hufanya kazi kote. Andika nywila kwenye karatasi na uiweke mbali na diski. Ukiisahau hakuna fundi atakayeifungua, hata akikuahidi.

Hapo hapo kagua kompyuta yenyewe. Kuanzia Windows 11 toleo la 24H2, mashine nyingi mpya hufunga diski zenyewe mara unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenye mashine kujua. Siku ubao mkuu wa kompyuta (motherboard) ukiungua na fundi akachomoa diski, ataulizwa ufunguo wa tarakimu 48. Uko kwenye ukurasa wa akaunti yako ya Microsoft, uchapishe sasa.

14. Nitajuaje kama nakala zangu zinafanya kazi?

Kwa kurejesha. Chukua mafaili matatu bila kuchagua, moja la zamani, moja la wiki hii, moja kubwa, uyafungue kutoka kwenye nakala ukitumia kompyuta nyingine. Yasipofunguka, huna bakapu. Fanya hivyo kila baada ya miezi michache.

Wataalamu nao hunaswa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa kazini. Walipogeukia njia zao tano za kunakili, wakakuta hakuna hata moja inayofanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi huyo huyo alikuwa ameichukua saa sita kabla kwa kazi nyingine.

## Hali za pekee

15. Laptopu iko kwa fundi na ananipigia: «Nifomati?» Nijibuje?

«Subiri.» Kisha muulize kama diski inasomeka. Ikisomeka, akopi kwanza folda ya Users nzima kwenye diski ya nje uliyompelekea, na wewe ufungue mafaili machache kabla ya kumruhusu. Ukimwambia tu «toa vitu vyangu», atatoa Documents na Desktop, basi.

Zamani mtu aliyefomati kwa haraka aliweza kurudishiwa mafaili kwa programu za uokoaji. Kwenye SSD matumaini hayo ni madogo sana: amri iitwayo TRIM huiambia diski ni sehemu zipi hazitumiki tena, nayo huzisafisha.

16. Diski inagonga, na sina bakapu. Nifanye nini?

Zima. Kila dakika inayowaka inajikwangua zaidi. Usiweke kwenye friji. Ushauri huo unazunguka sana, na unachoongeza ni unyevu ndani. Kama haigongi bali ni nzito tu, CrystalDiskInfo itakuonyesha hali yake, na ikisema «Caution» kopi vya muhimu kwanza, picha kabla ya muvi. Mwenye ujuzi atumie ddrescue, inayochukua sehemu nzima kwanza na kurudia mbovu baadaye. Inayogonga kweli inataka maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na bei yake hununua diski za nje kadhaa.

17. Nina Mac, mke wangu ana Windows. Diski moja itatufaa?

Kwa kubadilishana mafaili, ifomatini kwa mfumo wa exFAT. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na Mac husoma NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows, bila kuiandika. Kwa bakapu za kujiendesha ni bora kila mmoja awe na yake. Time Machine inataka diski, au walau sehemu yake, iwe yake peke yake.

18. NAS (kisanduku cha diski kinachounganishwa kwenye mtandao wa nyumbani) yenye diski mbili za RAID je?

RAID ya namna hii, yaani diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile kwa pamoja, inakukinga na kifo cha diski moja. Ukifuta faili, limefutwa kwenye zote mbili papo hapo, na virusi vya swali la 12 huzifikia zote. Soma swali la 9, hoja ni ile ile.

19. Ninafanya kazi za wateja nyumbani. Kuna la ziada?

Lipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Diski yenye vitambulisho au rekodi za wagonjwa ikiibwa bila nywila, shida inakuwa ya wateja wako pia. Kwa mafaili hayo swali la 13 ni la lazima, na mteja akiondoka ondoa na nakala zake.

20. Nikiwa sipo, familia itazipataje picha?

Diski ya kabatini ni rahisi: mwambie mtu mmoja ilipo na karatasi ya nywila ilipo. Akaunti ya mtandaoni ina shida nyingine. Tangu mwishoni mwa 2023 Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2, na picha zake zote. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna Inactive Account Manager, ambapo unataja mtu wa kupewa mafaili na baada ya miezi mingapi ya ukimya. Inajazwa kwa dakika chache, na hiyo namba ya simu wanayoomba hakikisha ni ile unayoitumia sasa.